Hodi Isiyo na Jina

Nyumba yangu haikuwahi kujua kufungwa. Chumba cha mbele ndicho saluni, cha kati ndicho cha kulala, na uani ndiko kwenye jiko na bomba la maji. Chumba cha mbele kina kiti kimoja cha kusukia, kioo kilichopasuka pembeni tangu mwanangu alipokuwa mdogo na mpira wake, na benchi la mbao ambalo seremala alilikadiria watu wanne, nalo likazoea kubeba saba. Wengi wa waliokaa hapo hawakuja kusukwa. Walikuja kusikia nani kahama, nani karudi, na yule aliyeapa kwamba hataolewa tena ameonekana dukani akichagua mapazia ya nini.

Mimi ndiye niliyekuwa nawapa. Ndiyo maana mtaa mzima ukaniita Redio, na sikuchukia. Shule niliiacha mapema. Yaliyobaki nimefundishwa na barabara na vichwa vya watu, maana kichwa cha mtu ukikishika mikononi tangu asubuhi mpaka mchana hakibaki na siri. Walikuwepo wasusi hodari kuliko mimi. Lakini kwao ulitoka umesukwa tu, kwangu ulitoka umesukwa na mbavu zinauma kwa kucheka.

Kisha koo likaota uvimbe. Daktari, mtu mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinihakikishia kwamba uvimbe utatoka wote. Kweli ukatoka wote, ila ulikuwa umejisokota na sauti, vikatoka pamoja. Nikabaki na pumzi inayopita kooni kama tairi la baiskeli linalotoa upepo. Mtu akiniwekea sikio mdomoni anapata neno mojamoja. Akisimama mbali kidogo hapati kitu.

Mwanzoni nyumba ilifurika. Walileta matunda, walileta asali, kila mmoja na dawa yake ya koo aliyoisikia kwa shangazi yake. Walinimalizia sentensi zangu, mara nyingi walizimalizia vibaya, nami nikaitikia kwa kichwa ili mambo yaende. Halafu, sijui ilianzaje, na wao wakaanza kunong'ona. Asiye na sauti ni mimi, wanaonong'ona ni wao, saluni ikawa kama wodi, na wodini hakai mtu ila mgonjwa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, shoga yangu tangu sote tukiwa wembamba, alijaribu kushika zamu yangu ya umbea. Lakini yeye hadithi anaianzia mwishoni, na ukimuuliza aliyefanya hayo ni nani, anakwambia subiri, atamkumbuka.

Lililonimaliza hasa ni hodi. Mtu aliyelelewa haingii nyumba ya watu kimyakimya. Anasimama mlangoni, anasema hodi. Wa ndani anaitikia karibu, au anauliza nani mwenzangu. Wa nje anajitaja. Ndipo mguu unavuka kizingiti. Ukipiga hodi tatu pasiwe na jibu, unajua hapana mtu, unaondoka na heshima yako. Sasa mimi niko uani, mikono ndani ya beseni la taulo, nasikia hodi. Nafungua mdomo, inatoka pumzi. Hodi ya pili, nainuka, natafuta pa kujifutia. Hodi ya tatu, niko chumba cha kati. Nikifika mlangoni naona mgongo wa gauni ukikata kona, na siwezi kumwita.

Mtaani wakaanza kusema Redio siku hizi hashindi nyumbani.

Mke wa mwanangu, ambaye kazi yake ni kupokea simu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, ndiye aliyenikuta nimekaa peke yangu kwenye benchi la watu saba. Hakunipa pole. Alichukua simu yangu, akaketi kando yangu, akavua viatu vyake vya kazini.

"Mama, huku watu wanaongea kwa vidole," akaniambia. "Koo halihitajiki."

Akanieleza habari za blogu. Kwamba mtu anakuwa na ukurasa wake kama nyumba, anaandika yake ya moyoni, wanaopita wanasoma na kuacha maoni chini, na mwenye nyumba anawajibu, na wao wanajibizana. Nikamwandikia kwenye kikaratasi: kumbe ni kibaraza. Akacheka akasema ndiyo mama, kibaraza hasa, tena hakifagiliwi.

Basi nikatoka kutembea.

Nilianza kwa mama mmoja wa mapishi. Sijamaliza mistari miwili, kikaruka kidirisha usoni pangu kikitaka anwani yangu. Nikakifunga. Kikaja kingine, kinataka kunitumia habari kila wiki. Cha tatu sikuona pa kukifungia kabisa, na mapishi yakabaki nyuma yake, nayaona kwa pembeni kama mtu anayechungulia harusi ya jirani kwenye uwazi wa ukuta.

Nikaenda kwa mwenzangu wa kazi, msusi. Nilitaka tu kuusifu msuko wake. Nikaambiwa kwanza nithibitishe kwamba mimi si roboti. Nikaletewa picha za barabarani, nichague zenye taa za kuongozea magari. Nikachagua. Hapana. Nikachagua upya, nikaongeza na ile yenye nguzo tupu, maana nguzo nayo si ya taa hiyohiyo? Hapana. Nimeitwa mengi katika maisha yangu, mengine mbele ya marehemu mume wangu, lakini hakuna aliyewahi kunitilia shaka kama ni mtu.

Kwa bwana mmoja mwenye kuandika habari za safari zake, niliruhusiwa kuandika. Nikaandika vizuri, kwa adabu. Nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu yanasubiri kuidhinishwa. Nikasubiri. Waliokuja nyuma yangu wakapita, wakawa wanacheka na mwenyewe ndani. Mmoja alimuuliza kama anamkumbuka yule mbuzi, naye akajibu atamsahauje yule mbuzi, na wengine wote wakadakia, mbuzi, mbuzi. Mpaka leo sijui alifanya nini. Upweke niliufahamu siku ile, kusikia watu wazima wakimcheka mbuzi usiyemjua.

Kwa Mama Vyungu nilifika kwa kupotea tu, kidole kiliteleza.

Jina lake halisi hakuliandika. Wote walimwita hivyo. Alikuwa mjane anayeishi peke yake ghorofani, chumba chenye dirisha moja pana, na dirishani amepanda mimea katika kila kitu kilichokataliwa: makopo ya rangi, birika lisilo na mdomo, beseni lililotoboka. Amepanda mpaka kwenye kiatu cha marehemu mume wake. Kiatu kimejaa mnanaa. Aliandika kwamba cha pili hajui kilikopotelea, na kwamba ni afadhali, maana vingekuwa viwili angekuwa anamngoja.

Niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda uani kuwasha jiko nisilokuwa na shida nalo.

Na kibarazani kwake palikuwa na watu. Wale walewale kila siku, kama benchi langu enzi zile. Palikuwa na Mzee wa Mbolea, aliyekuwa akimsahihisha kila mara kuhusu samadi, kisha anausifu mchicha wake kwa maneno ambayo mchicha peke yake hauwezi kuyastahili. Palikuwa na dada mmoja mkali aliyekuwa akimtania huyo mzee kwamba mbolea yake ni ya mdomoni. Mama Vyungu aliwajibu wote, mmojammoja, hakumwacha mtu amesimama.

Nilitaka kuketi pale. Sikutaka lingine. Nilitaka aniandikie neno moja, karibu, nami nivue viatu niingie na umbea wangu wote uliolala kooni.

Chini ya maandishi yake palikuwa na kisanduku cha jina na kisanduku cha maoni. Cha jina nilikiacha kitupu. Jina halitangulii. Unapiga hodi, unaulizwa nani, ndipo unajitaja. Anayejitaja kabla hajaulizwa ama ni polisi ama ni mgombea. Kwenye cha maoni nikaandika: Hodi. Nikabonyeza. Pakatokea maneno kwamba maoni yote hupitiwa kwanza na mwenyewe. Nikasema moyoni, vizuri, basi amesikia.

Nikangoja. Nikaandika tena hodi. Baadaye ya tatu. Kimya. Nikaondoka na heshima yangu.

Alipoandika jipya, kuhusu paka wa jirani anayelala juu ya miche, nikarudi. Hodi, hodi, hodi. Alipoandika kuhusu mvua iliyoingilia dirishani, nikarudi. Nilisoma kila neno lake, nilijua mpaka kopo gani linavuja, lakini la kusema sikusema, maana sijakaribishwa, na mgeni haanzi kusimulia akiwa nje ya mlango.

Shoga yangu fundi aliponiona na simu kila wakati akadhani nimepata mwanamume. Nikamwonyesha. Akaangalia, akageuza simu huku na huku.

"Ingia tu, shoga," akasema. "Mtandao hauna mlango."

Nikamwandikia: wewe ulilelewa wapi?

Lakini alipenda aliyoyasoma. Akaanza kuyasoma kwa sauti, sauti yake ya cherehani, inakimbia, inasimama, inakimbia. Mteja wangu mmoja akasikia. Kesho yake akaja na dada yake, na huyo dada hakuja kusukwa. Ndani ya muda mfupi benchi likaanza kulalamika tena. Fundi anasoma, mimi nasuka, na penye uhondo nainua kichanuo juu ili asimame watu wachangie. Wakagawanyika makundi. Kuna waliosema Mzee wa Mbolea ana mke mahali, haiwezekani mwanamume huru akasifu mchicha kwa kujificha hivyo. Kuna waliosema Mama Vyungu anajua kila kitu na anamchelewesha makusudi. Siku Mama Vyungu alipoandika kwamba amebadilisha kitasa cha mlango wake, benchi zima likakata shauri kwamba mzee kapewa ufunguo. Tulicheka. Hata mimi nilicheka, cheko langu la upepo, mabega yakinitikisika.

Na kila usomaji ulipokwisha waliniuliza swali moja. Redio, umejibiwa? Natikisa kichwa. Wanasema kesho. Walilichukua jambo langu likawa lao, kila mmoja akitaka awepo siku Redio atakapoingizwa ndani.

Siku yenyewe benchi lilikuwa limejaa. Kitini nilikuwa na mteja mgeni, msichana aliyetumwa kwangu na dada yake, hakujua habari zetu. Fundi akawasha simu, akasema leo ni refu. Akaanza.

"Rafiki zangu, nafunga mlango," akasoma. "Kuna mtu anakuja hapa kila ninapoandika. Hana jina. Anasema hodi, hodi, hodi, kisha anaondoka. Ninyi hamumwoni kwa sababu nimekuwa nikimficha. Wachache wenu mnajua kwamba mume wangu alipofariki, kuna mtu alikuwa akija mlangoni pangu vilevile. Nikiuliza nani, hasemi. Siku niliyofungua nilijuta. Najua huyu huenda ni mwingine, huenda ni mtoto anacheza. Lakini sasa nikiwasha simu mikono inatetemeka, na mimi nilianza kuandika ili mikono itulie. Kitasa nimebadilisha, na bado..."

Fundi, ambaye hadithi zote huzianzia mwishoni, hii aliikatia katikati. Aliizima simu akaiweka mapajani, kioo chini.

Hakuna aliyenitazama. Wote waliangalia miguu yao, saba wale, kama waliopoteza kitu sakafuni. Ni yule msichana kitini, kichwa chake mikononi mwangu, aliyesema.

"Mtu mwenyewe hana hata haya," akasema. "Kumtisha mjane."

Nikaendelea kusuka. Mkono ulijua njia bila mimi. Nilipomaliza nilimpa kioo kidogo ajitazame kisogoni, akasema amependa, akaaga. Benchi nalo likaaga, mmojammoja, kila aliyetoka akinigusa bega. Fundi alibaki. Alichukua ufagio akazoa nywele sakafuni.

Nikachukua simu nimjibu. Vidole vyangu vilitafuta kisanduku cha jina, nilichokuwa nikikiruka siku zote. Hakikuwepo. Cha maoni nacho hakikuwepo. Kesho yake hata maandishi yenyewe yalikuwa yameondoka. Ilibaki picha ya juu na mstari mmoja chini yake kwamba blogu hii ni ya walioalikwa tu.

Mke wa mwanangu alipokuja nikamweleza kwa karatasi. Akaniuliza kwa upole nilikuwa namwandikia nini hasa yule mama. Nikamwandikia: hodi. Akauliza, na nini tena? Nikamwonyesha neno lilelile. Akafumba macho kidogo.

"Mama," akasema, "huku ukishasema neno umeshaingia. Yeye alikuwa anakuona umesimama ndani kwake, kimya."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Mimi nilijiona nje, kwenye jua, nangoja. Kumbe muda wote huo nilikuwa katikati ya chumba chake, kati ya makopo yake, sina uso.

Tukamtafuta Mzee wa Mbolea. Naye ana ukurasa wake, mkavu, umejaa habari za udongo. Niliketi na mkwe wangu, mimi nikimwandikia vipande, yeye akiviunga. Jina nililitanguliza mwanzo kabisa, kama mgombea. Nikaeleza kwamba mimi ni msusi, mjane pia, kwamba sauti yangu ilikwenda na uvimbe, kwamba nilikuwa nangoja Mama Vyungu aulize nani. Nikaomba amwambie kwamba sikujua. Mkwe wangu akataka kufuta pale nilipoandika kwamba kile kiatu nakikumbuka kila nikipita kwenye viatu vya mume wangu chini ya kitanda, akadhani ni mengi mno. Nikamshika mkono asifute.

Siku zikapita. Nilikuwa nafungua simu kabla sijanawa uso. Hatimaye akajibu, na fundi ndiye aliyenisomea, taratibu, safari hii bila kukimbia.

"Mama, nimekusoma na nakuamini," aliandika. "Nimemfikishia. Anakupa pole ya sauti, na anasema hana kinyongo. Ila kwa sasa hawezi kumfungulia mtu asiyemjua, hata akijua ni mwema. Tumwache."

Fundi akasema angalau ametuma pole. Nikaitikia kwa kichwa. Ni kweli ametuma pole. Pole hiyo ilinifikia mlangoni, ikakabidhiwa, mlango ukarudishwa, na sikuwa na la kudai.

Muda kidogo baada ya hapo nilikuwa uani nafua taulo, nikasikia hodi. Sauti ya mwanamke, siijui. Safari hii sikukimbia. Nilisimama pale, maji yakinichuruzika viwikoni, nikaisikiliza. Ni neno nililolitoa tangu nikiwa na akili zangu, kwenye milango ya shangazi, ya majirani, ya watu waliofiwa na watu waliojifungua, na sikuwahi kutulia upande wa pili nikalisikiliza bila kujua ni la nani. Hodi. Nikamfikiria Mama Vyungu amekaa kitandani kwake ghorofani, simu mapajani, naye ana sauti nzima kabisa na haitoki.

Hodi ya tatu ndiyo iliyonitoa. Nilimkuta keshageuka, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, anataka kusukwa. Nilimshika kitambaa cha mtoto kwa nyuma asinipotee. Aliruka. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi. Ikabidi nimpe maji ya kunywa kabla ya kumkalisha kitini.

Jioni ile nikamwomba mkwe wangu aniandikie kwenye kipande cha boksi kwa herufi kubwa, maana zake zimenyooka. Akaandika: KARIBU. INGIA. SAUTI SINA, NIPO. Akauliza kama siogopi, mlango wazi kwa yeyote, hata asiyejulikana jina. Nikamwambia kwa pumzi, akainamisha sikio, kwamba ninaogopa. Tukalitundika mlangoni.

Watu wanaingia. Wengine wanakuta boksi linawachekesha, wanasoma kwa sauti wakiwa mlangoni kisha bado wanapiga hodi, mazoea. Benchi halijajaa kama zamani, na fundi bado anaanzia mwishoni. Blogu hatusomi tena. Dirishani pangu nimeweka kopo la rangi, nikapanda mnanaa, na umekubali. Mteja mmoja aliuvutia pumzi akaniuliza nimefundishwa na nani kuupanda kwenye kopo hivyo. Nikatafuta neno la kumwandikia. Rafiki, hapana. Jirani, hapana. Mwisho nikaandika: mama mmoja. Akasema nimpe salamu zake nikimwona.

Simu naifungua bado, asubuhi, kabla watu hawajaja. Picha ya juu ipo palepale, dirisha na kile kiatu, mnanaa haukui wala haunyauki, na chini yake ule mstari wa walioalikwa. Kidole kimezoea kushuka kutafuta kisanduku. Nakizuia. Natazama kidogo, kama mtu anayepita barabarani akaona taa ya nyumba anayoijua, kisha naifunga simu polepole, nisisikike.